Mwana Mweupe wa Shaba

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, hata pale ninapojitahidi kukumbuka nyingine. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limeshapanda, katika ua wa ghala la dagaa na mawese pale Kibirizi. Nilisema sentensi mbili tu. Kwa sentensi hizo mzee mmoja alipoteza kazi, akapoteza jina, na baadaye akahama mji. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, nami nilikuwa nimeukariri msemo huo tangu darasa la tatu. Kukariri si kujua.

Mimi ni mama yako mdogo, na miaka iliyo kati yetu haifiki kumi. Sina mvi za kunipa haki ya kukuusia. Lakini mama yako ameniambia umepata nafasi ya chuo, unakwenda kusoma mambo ya mifugo kama nilivyosoma mimi, na kwamba unasema unataka kuwa kama mama mdogo. Ndiyo maana nakuandikia. Soma kwanza, kisha uamue kama bado unataka.

Niliporudi Kigoma na shahada yangu nilikaa nyumbani Rusimbi miezi minane bila kazi. Unanijua nilivyo. Mtu akiniuliza kama mvua itanyesha, naanza kufikiria upepo, halafu mwezi, halafu mwaka jana. Watu waliniletea maswali ya mifugo yao: mbuzi hali, kuku anakohoa, ng'ombe katupa mimba. Nami nawajibu, "Inategemea." Na kweli ilikuwa inategemea. Lakini mtu aliyekuja na kuku kwapani hataki kusikia inategemea. Punde wanawake wanaoanika dagaa mwaloni, pale boti za uvuvi zinapotia nanga, wakanipa jina: Bi Inategemea. Nikipita, mmoja anapaza sauti, "Bi Inategemea, hawa dagaa watakauka leo?" Na mwenzake anamjibu kwa sauti yangu, nyembamba, ya kichuo: "Inategemea, dada, kuna mambo mengi ya kuzingatia." Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Nami nacheka nao, kisha nikifika nyumbani nakitafuna kile kicheko hadi jioni kama mtu aliyeachiwa mfupa.

Aliyenionea huruma alikuwa jirani yetu, Mzee Gwimo. Alikuwa mtunza mbwa katika ghala la Alhaji Mrisho, mfanyabiashara wa Ujiji. Nilipomwamkia "Shikamoo, Mzee," aliniitikia kwa Kiha, "Mwakeye, mwanangu," kana kwamba marahaba ni kitu cha kuvaa siku ya harusi. Alimwambia tajiri wake kwamba kwa jirani yake yupo binti aliyesomea wanyama, nikaanza kwenda ghalani mara mbili kwa wiki kuwapima mbwa uzito, kuwaogesha dawa ya kupe na kuwachanja. Hakuna mwingine aliyekuwa amenipa kazi. Likumbuke hilo unapoendelea kusoma.

Mbwa wenyewe walikuwa dobamani watatu, warefu, weusi tititi, wenye rangi ya kutu juu ya macho na miguuni. Ukoo wao ulivuka ziwa kwa boti kutoka ng'ambo, upande wa Kalemie. Alhaji hakuwagusa hata siku moja. Mate ya mbwa kwake ni najisi, na kanzu yake ilikuwa nyeupe siku zote. Akija kuwatazama alisimama hatua kumi, mikono nyuma. Lakini kutoka pale mbali aliwajua baba na babu zao kuliko wengi tunavyowajua wa kwetu. "Mbwa wa kazi ni damu," alikuwa akisema. "Damu ikichanganyika, umebaki na mdomo wa kubweka tu." Ili isichanganyike, jike wake aitwaye Shaba alipandishwa na dume aitwaye Komando. Shaba na Komando walizaliwa na mama mmoja.

Pale ghalani ilikuwepo desturi. Shaba akiingia kwenye joto, anafungiwa katika banda la mabati wiki tatu nzima, asifikiwe na mbwa wa mitaani, na ufunguo pekee wa banda lile huvaliwa na Mzee Gwimo shingoni, kwenye uzi mmoja na rozari yake. Alioga nao, alisali nao. Makuli walimtania, "Mzee, na mkeo unamfungia hivyo?" Naye akiendelea kuchanganya uji wa mbwa husema, "Mke hafungwi kwa kufuli, vijana. Hufungwa kwa kuaminiwa. Ninyi hamna vyote viwili, ndiyo maana mnalala ghalani."

Shaba akazaa watoto saba. Sita walikuwa weusi kama wazazi wao. Wa saba alikuwa mweupe wa rangi ya maziwa yaliyoganda.

Tulimficha, mimi na Mzee. Si kwa hila. Tulikuwa tunangoja abadilike rangi, kama wanavyobadilika watoto wengi wa wanyama. Hakubadilika. Wiki ya tano pua yake ilikuwa bado ya waridi, macho yake ya buluu hafifu kama maji ya ziwa karibu na mchanga, na ukimtoa kivulini aliyafumba na kuinamisha kichwa. Nilimtazama kila nilipokwenda na moyoni nilikuwa na mawazo manne juu yake. Sikumwambia mtu hata moja. Nilitaka kwanza kuwa na hakika.

Wiki hiyo hiyo akaja mnunuzi kutoka Bujumbura, mtu wa shughuli za ulinzi, aliyewataka watoto wote. Alhaji akaja naye. Makuli wakaacha magunia, wanawake wa dagaa wakasogea langoni. Yule mweupe akatambaa kutoka chini ya tumbo la mama yake, akagonga kichwa kwenye ndoo.

Kuli mmoja akasema, "Heee! Shemeji Unga kapata mtoto kwa matajiri!" Unga alikuwa mbwa koko mweupe wa pale mwaloni, anayekula matumbo ya samaki wa migebuka. Ua mzima ukalipuka kwa kicheko. Mnunuzi hakucheka. Alimgeukia Alhaji na kumwuliza kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko matusi, kama hiyo ndiyo damu safi aliyosafiri kuifuata.

Alhaji akamwita Mzee Gwimo. "Banda lilifunguliwa?"

"Ufunguo haujatoka shingoni mwangu, Alhaji. Naapa kwa Mungu anayenisikia."

"Basi huyu ameletwa na upepo?" Kisha akanigeukia mimi. "Binti, wewe ndiye msomi. Sema, tukusikie."

Mwanangu, nilikuwa najua. Au niseme nilikuwa najua nusu. Nilikumbuka kwamba mweusi na mweusi wanaweza kuzaa mweupe. Nilikumbuka hata mahali nilipokuwa nimekaa darasani siku tulipofundishwa. Neno lile lilikuwa limeshafika kwenye ulimi: inategemea. Na palepale langoni nikaisikia sauti ya mwanamke mmoja, kwa chini, lakini si chini vya kutosha: "Ngojeni, atasema inategemea." Wenzake wakaanza kucheka kabla sijafungua kinywa.

Nikasema, "Huyu baba yake ni mbwa wa nje. Mimba moja inaweza kuwa na baba wawili."

Hakuna aliyecheka tena. Sentensi ya pili ni kweli kabisa. Jike anaweza kupandwa na madume wawili akazaa watoto wa wote wawili. Ndiyo maana waliniamini. Uongo ukienda peke yake hugunduliwa upesi, ukishikwa mkono na ukweli hupita mlangoni na kukaribishwa kiti. Na nitakuambia jambo ninaloona haya kulisema: kwa muda wa kama pumzi tatu nilijisikia vizuri. Nilijisikia mtu mzima.

Mnunuzi akaaga. Alhaji hakupaza sauti. "Miaka kumi na mmoja, Gwimo," alisema. Mzee akauvuta uzi kupitia kichwani, akaitenganisha rozari na ufunguo, na ilimchukua muda, nasi sote tulisimama tukimtazama. Akauweka ufunguo juu ya gunia. Kisha akaomba apewe kile kitoto cheupe. "Chukua," Alhaji akasema, "ni aibu yako hiyo." Akakiweka ndani ya koti, na alipopita mbele yangu akasema, "Haya, mwanangu." Basi. Kama mtu anayeaga kwenda kuteka maji.

Sikwenda kumfuata. Nilikwenda nyumbani nikafungua daftari zangu za chuo, na ukurasa niliokuwa nautafuta niliupata kabla chai haijapoa, umeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe. Nitakueleza kama nilivyopaswa kueleza pale uani. Kila mtoto hupokea agizo la rangi mara mbili, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Agizo moja likiwa bovu, lile zima hufanya kazi peke yake, na mnyama huwa mweusi kama wengine. Hakuna anayejua amebeba nini. Wawili wenye ubovu huo wakizaana, mtoto anaweza kupokea mabovu yote mawili. Hapo rangi hukosekana kabisa, kwenye manyoya, kwenye pua, mpaka ndani ya macho. Huo ndio ualbino, kwa mbwa kama kwa watu. Na ndugu waliochangia mama ni rahisi sana kubeba ubovu ule ule. Ule usafi wa damu aliojivunia Alhaji ndio uliomleta mtoto yule.

Asubuhi nilikwenda mwaloni kumtafuta Unga. Nilimkuta amelala kwenye nyavu. Pua yake ilikuwa nyeusi kama lami, macho yake kahawia. Alikuwa mbwa mweupe wa kawaida, mwenye rangi mahali pote panapotakiwa rangi. Ningetembea hatua mia mbili siku ile kabla ya kusema, ningeiona ile pua.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo utaniuliza, nami nimejiuliza mpaka nimechoka. Mzee Gwimo na mkewe walikuwa na binti mmoja, Neema, na Neema ana ualbino. Nimekua naye. Alinisuka nywele kwa siku yangu ya kwanza ya sekondari. Miaka ile ya hofu, watu wenye ualbino walipokuwa wakiwindwa mkoani kwetu na kwingineko, nilimwona baba yake akimsindikiza shuleni asubuhi na kumfuata mchana, kila siku, rungu mkononi. Nilijua wazazi wake wote wawili ni weusi. Jibu la swali la Alhaji lilikuwa likiishi nyumba ya pili kutoka kwetu, na nilipolihitaji nililitafuta kwenye kicheko cha makuli.

Nilipokwenda kuomba radhi, Mzee alikuwa amekwenda kutafuta kibarua. Nilimkuta mkewe, Mama Neema, anapepeta mchele. Neema alikuwa kizingitini na kofia yake pana, kile kitoto cha mbwa kimelala mapajani, naye anakipaka puani mafuta yake ya kukinga jua, yale anayopewa hospitali na ambayo mara nyingi humwishia kabla ya mwezi kwisha. Sikuweza kukaa. Nilieleza yote nimesimama: daftari, pua ya Unga, agizo la baba na agizo la mama.

Mama Neema alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha ungo. Kisha akasema:

"Huyu Neema alipozaliwa, mama mkwe wangu alikuja kumtazama, akamfunika, akatoka nje akasema mbele ya watu kwamba nimelala na mzungu wa misheni. Mzungu mwenyewe alikuwa na miaka themanini, anatembelea fimbo mbili." Alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Waliamini wote. Mume wangu peke yake ndiye aliyesema, kitanda hakizai haramu, na huyu ni wangu. Hakuwa amesoma, Zawadi. Darasa la nne. Hakujua hayo maagizo yako. Alinijua mimi tu, na ikamtosha. Wewe umepelekwa chuo, umesoma mpaka macho yakakuuma, ukarudi ukasimama mbele za watu ukayasema maneno ya mama mkwe wangu."

Nikalia. Aliniacha nilie. Halafu akasema, bila ukali, "Kalie kwa Alhaji. Hapa machozi yapo."

Nikaenda Ujiji. Alhaji alinipokea barazani, akaniletea kahawa, akanisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza akauliza, "Una hakika?"

"Karibu hakika, Alhaji. Kipimo cha damu kipo, lakini si hapa Kigoma."

"Siku ile hukusema karibu."

Nikaweka kikombe chini.

"Nifikirie na mimi, binti," akasema. "Ukiwa na makosa, mtunza mbwa wangu alizembea mara moja, nami nimeshamwondoa. Ukiwa sahihi, Shaba ana ila, Komando ana ila, na hao sita weusi nimeshawauza Kalemie kwa neno langu. Unataka niamke kesho nitangaze ipi?" Akanisindikiza mpaka mlangoni. "Mimi sikumhukumu Gwimo. Wewe ndiye uliyemhukumu. Mimi nilikuuliza tu." Neno hilo, mwanangu, nimejaribu kulipinga kwa kila hoja niliyonayo, na hoja ninazo nyingi. Bado limesimama.

Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu hukua. Ilijulikana mwalo mzima kwamba Gwimo ndiye aliyemlaza mbwa wa Alhaji na koko, na hakuna aliyetaka kumkabidhi lango. Nyumba yao ilikuwa ya kupanga. Mwezi wa nne wakahamia Ilagala kwa kaka yake Mzee, kulima karibu na mto Malagarasi. Kule hakuna kliniki ya ngozi, na kazi ya shamba haifanyiki kivulini. Kile kitoto cheupe hakikufika huko. Mchana mmoja kabla hawajahama kilitoka barabarani na jua limekitia upofu, pikipiki ikakipitia. Neema alikizika mwenyewe.

Mwaka uliofuata Mzee Gwimo aliugua kifua, akafariki. Nilikwenda kuzika. Makuli wanne wa ghalani walikuwepo, na wawili kati ya wale wanawake wa dagaa. Katekista alipouliza kama yupo mwenye neno juu ya marehemu, nilijua ndiyo nafasi yenyewe, na kwamba haitakuwepo nyingine: kusimama na kusema, mbele ya walewale walionisikia, kwamba mzee huyu hakuwahi kuufungua mlango ule. Nikaanza kufikiri. Je, ni mahali pake? Je, Mama Neema ataumia zaidi? Je, nianze na mbwa, msibani? Je, wataelewa habari za maagizo ya rangi? Nilikuwa bado napanga sentensi ya kwanza udongo ulipoanza kuanguka. Siku ya kunyamaza nilisema, na siku ya kusema nikanyamaza.

Neema alinipa mkono wakati wa kuondoka. Karibu na sikio la kushoto, chini ya ukingo wa kofia, alikuwa na kidonda. Nilimwuliza kimeanza lini. "Tangu masika," akasema. "Hakipoi tu." Nimesomea wanyama, lakini najua maana ya kidonda cha namna ile kisichopona kwenye ngozi ya namna ile. Amekuja hospitali mjini mara mbili sasa. Mara zote mbili ameambiwa angekuja mapema.

Basi sikiliza, mwanangu. Usidhani nakuusia uwe na shaka juu ya kila kitu; mimi nimekuwa hivyo maisha yangu yote, na shaka yangu haikumsaidia mtu. Wala sikuusii ujiamini. Nilijiamini mara moja. Ninalokuusia ni dogo. Watakapokuuliza mbele za watu, tazama kwanza ni nani atakayeangukiwa na jibu lako, umtazame usoni, ndipo ufungue kinywa. Kama hujui, sema sijui, na uache wacheke. Kicheko hakijawahi kumhamisha mtu nyumba. Ukiona kitu kimezaliwa tofauti na wazazi wake, usikimbilie kumtafuta mwenye hatia, kwa maana mara nyingi hatia haipo, ipo damu tu, na damu hubeba mambo ambayo wenyewe hawayajui. Na ukikosea, kayaseme makosa yako palepale ulipokosea, mbele ya walewale, kabla hujapata maneno mazuri. Maneno mazuri huchelewa.

Siwezi kukuahidi kwamba ukifanya hivyo utakuwa na amani. Mimi sijui. Nakuambia tu ni nini nilichokosa.

Nenda chuo, mwanangu. Mungu akulinde njiani na akupe walimu wema. Akupe jirani atakayekuamini kabla ya wengine, na akunyime siku ya kumlipa kama nilivyomlipa wangu. Na siku utakaposimama katikati ya ua, watu wamekuzunguka wanakusubiri, Mungu aufanye ulimi wako mzito. Amina.